Nani Anaua Beringi Zetu Awendo?

Sauti ilianza jioni moja nikitoka Rongo kurudi Awendo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Mwanzoni nilidhani ni lami. Barabara kuu hii inayotoka Isebania kupitia Migori hadi Kisii ilikarabatiwa miaka michache iliyopita, na lami yenye kokoto mpya ina mvumo wake. Nikafika mahali palipo laini, mvumo ukabaki. Nikapunguza mwendo, ukashuka. Nikaongeza, ukapanda nami. Shemeji yangu aliyekuwa kando akaniuliza kama nimewasha feni.

Kwa Kijaluo, awendo ni kanga, yule ndege wa madoadoa anayelia kama bawaba iliyokosa mafuta. Beringi ya gurudumu haianzi kwa kulia hivyo. Huanza kwa kuvuma kama mzinga wa nyuki ulio ng'ambo ya boma, na kwa kuwa mvumo huongezeka kidogo kidogo, masikio huuzoea. Mwenye gari huwa wa mwisho kuusikia. Ikifika hatua ya kulia kama kanga, chuma kinakula chuma, na gurudumu limeanza kuyumba kwenye shina lake.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wangu, kijana ambaye gereji yake ni mwembe mmoja na turubai la bluu. Hakufungua kitu. Aliketi kando yangu akaniambia niendeshe kilomita 40 kwa saa kisha nipinde kulia taratibu. Mvumo ukazidi. Nikapinda kushoto, ukanywea.

"Kushoto mbele, mkubwa," akasema. "Ukikata kulia, uzito wote unalala kushoto. Anayelia ndiye anayeumia."

Tuliporudi akalipiga gari jeki, akashika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, akalisukasuka. Vitabu vya Kiingereza husema shika kwenye 12 na 6. Kwetu ni saa sita na saa kumi na mbili, nambari zimebadilishana tu, na tairi halijali. Kisha akalizungusha huku vidole vya mkono wa pili vimegusa springi, akanivuta na mimi niguse. Nilihisi mkwaruzo mwembamba, kama unga wenye mchanga. Tangu siku hiyo naamini kwamba vidole vya fundi mzuri vina thamani kuliko mashine nyingi za kompyuta ninazoonyeshwa mijini.

Nimemsifu makusudi, kwa sababu yatakayofuata hayatampendeza.

Nilinunua beringi katika mji ambao sitautaja, kwenye duka ambalo pia sitalitaja. Nililipa shilingi 2,200. Fundi akaiingiza kabla ya chakula cha mchana. Nusu ya Migori ingeweza kusikia akiiingiza: kipande cha bomba, nyundo ya kilo mbili, na mapigo ambayo sikuyahesabu. Gari likanyamaza. Baada ya miezi minne mvumo ukarudi, upande uleule, gurudumu lilelile.

Nikafanya ambalo kila Mkenya angefanya. Nikasema ni feki. Nikairudisha dukani nikiwa nimejaa hasira na hotuba. Mwenye duka, mzee wa makamo asiyeonekana kuwa na haraka, aliniacha nimalize. Akaichukua ile beringi kuukuu, akang'oa sili kwa bisibisi, akazitoa gololi, akapangusa grisi kwa kitambaa, akaigeuza pete ya ndani ili mwanga wa mlangoni uangukie mfereji wake. Akanipa miwani yake.

Ndani ya mfereji kulikuwa na vishimo vidogo, vimepangwa kwa umbali sawa kama mashimo ya bao. Akachukua gololi moja, akaiweka kwenye kishimo. Ikatulia. Akaisogeza hadi cha pili. Ikatulia tena.

"Hivi haviwezi kuchimbwa na safari," akaniambia. "Barabara hula mfereji mzima ama upande mmoja. Hivi vimepigwa siku gari limesimama, kila gololi mahali pake. Hii uliiua kabla hujawasha injini, baba."

Sikuwa na la kujibu. Nimekuwa nikisikia malalamiko ya spea feki hapa Awendo kila nikikaa kwenye gereji, na mengine nimeyaandika mwenyewe. Siku ile nilianza kushuku kwamba sehemu kubwa ya feki zetu hutengenezwa hapahapa, chini ya miembe, kwa nyundo, kutoka kwa beringi ambazo zilikuwa halali zilipotoka kwenye boksi.

Tazama jinsi kitu hiki kilivyo. Pete mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake safu ya gololi. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales, alisajili hataza ya gololi za kuzungushia ekseli ya gari la kukokotwa na farasi. Lakini wazo lilikaa muda mrefu bila kuenea, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutengeneza gololi nyingi zilizo duara kamili na zinazolingana. Ikiwa moja imezidi wenzake, yeye peke yake hubeba mzigo wa kundi zima, naye huvunjika. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, aliunda mashine ya kusaga gololi za chuma zikalingana, na mji wake ukawa kitovu cha biashara hiyo kiasi kwamba mwaka 1943 ndege za Marekani ziliurushia mabomu mara mbili, Agosti 17 na Oktoba 14, kwa hesabu kwamba bila beringi vifaru na ndege za Hitler zingekwama. Katika shambulio la Oktoba peke yake Wamarekani walipoteza ndege 60. Watu walikufa kwa mamia wakigombania kitu ambacho mimi nilikinunua kwa shilingi 2,200 nikamwachia mtu akigonge.

Basi ukiipiga pete ya ndani ili pete ya nje iingie kwenye tundu lake, nguvu ya nyundo itapita wapi? Haina njia nyingine ila kupitia gololi. Kila gololi hugusa mfereji kwenye nukta ndogo kuliko punje ya wimbi. Nyundo nzima hutua kwenye nukta hizo. Chuma ni kigumu lakini si kigumu hivyo. Ndivyo vishimo vinavyozaliwa.

Sharti ni jepesi hata mtoto wa darasa la nne analielewa. Unapoiingiza beringi kwenye chuma kinachobeba gurudumu, sukuma pete ya nje. Unapoingiza habu ndani ya beringi, shikilia pete ya ndani isisogee. Na usukume polepole, kwa presi, ikienda wima bila kuinama. Nyundo hairuhusu hata moja kati ya hayo, isipokuwa mkononi mwa fundi aliye na subira ya ajabu na pete kuukuu ya nje ya kupigia. Wapo. Nimewaona wawili maishani.

Kwa nini basi vijana wetu hodari hushika nyundo? Wengi watasema ni ujinga. Mimi nakataa, na sababu yangu iko hapa Awendo.

Kiwanda cha sukari cha Sony, yaani South Nyanza, kilianza kusaga miwa mwaka 1979. Tangu hapo mji huu umeishi na trekta na trela. Trela la miwa lina beringi za aina nyingine, zile za roli zilizochongwa kama koni, ambazo Mmarekani Henry Timken alizipatia hataza mwaka 1898. Hizo huja vipande viwili. Bakuli la nje hupigwa kwenye habu kwa nyundo na kipande cha shaba bila madhara makubwa, kwa kuwa wakati huo roli hazimo ndani, ziko mezani. Kisha unapaka grisi kwa kiganja, ukiisukuma hadi itokeze upande wa pili, unazirudisha, unakaza nati, unailegeza kidogo, unatia pini. Zikichafuka unaziosha kwa mafuta ya taa, unapaka upya, msimu unaendelea. Wazee waliofundisha ufundi hapa walijifunzia kwenye trela hizo, na walikuwa sahihi. Nyundo ilikuwa kifaa halali.

Mikokoteni yetu nayo imesimama juu ya ekseli za magari yaliyokufa, na beringi zake hufanyiwa vivyo hivyo. Hata watoto wana elimu yao: beringi kuukuu tatu, ubao, kamba, na mteremko. Ukisikia mngurumo wa chuma kwenye saruji wakati wa likizo, ni wao. Mji mzima umelelewa na beringi unayoweza kuifungua, kuiosha na kuipigilia.

Halafu ikaja Probox, ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 2002, na ndugu zake akina Vitz na Fielder. Humo mbele hakuna pini wala nati ya kulegeza kidogo. Beringi huja imefungwa kwa sili pande zote, grisi yake imo ndani kwa maisha yake yote, gololi zake ziko tayari kati ya pete. Huwezi kuiosha. Huwezi kuipaka. Na huwezi kuigonga popote bila kugonga gololi. Mkono uliofundishwa na trela ukakutana na kitu kinachofanana na cha zamani kwa umbo lakini kimegeuza masharti yote, na hakuna aliyekuja kusema. Serikali iliruhusu magari yaingie, ikaweka sharti kwamba yasizidi miaka 8, ikakusanya ushuru bandarini Mombasa. Ya fundi wa Awendo hayakuwa kwenye fomu.

Kuna pia jambo la sensa. Kwenye magari yenye breki za ABS, sili ya upande mmoja wa beringi mara nyingi ina sumaku iliyochanganywa na mpira wake, na sensa huihesabu gurudumu likizunguka. Ukiiingiza beringi kinyume, gari litatembea vizuri tu, ila taa ya ABS itawaka na haitazimika. Nimeona mwenye gari akiuziwa sensa mbili, moja baada ya nyingine, kwa kosa hilo. Ukitaka kujua upande wenye sumaku, sogeza klipu ya karatasi karibu. Upande unaoivuta ndio unaotazama sensa. Klipu ni shilingi tano.

Na nati ya shafti. Kwenye Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa takriban niuton-mita 216, yaani kama kuning'iniza kilo 22 kwenye ncha ya spana ya mita moja, kisha ukingo wake hupondwa usilegee. Ndiyo inayozibana pete za ndani zikae pamoja. Ikilegea, beringi mpya kabisa hucheza na kufa mapema. Kwetu hukazwa kwa kusimama juu ya bomba, na kipimo ni uzito wa fundi pamoja na chakula alichokula.

Sisemi kwamba feki hazipo. Zipo, ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi mwaka 2008, na ndiyo maana SKF, kampuni ya Uswidi iliyoanzishwa mwaka 1907, ina programu ya simu ya kupiga picha beringi na boksi lake ili wataalamu wao wakuambie kama ni yao. Lakini wanunuzi wengi hapa hutazama boksi. Boksi ndilo rahisi kuiga! Tazama pete. Jina na nambari huchorwa kwenye chuma chenyewe, maandishi safi, yanayolingana na ya boksi, hayafutiki kwa kidole chenye petroli. Beba beringi kuukuu uende nayo, ulinganishe nambari, upana, na upande wa sumaku. Na bei ikiwa robo ya bei ya maduka mengine, mwenye duka hajakupenda ghafla.

Kisha omba risiti. Najua inavyochukuliwa: ukiomba risiti kwa shilingi 2,200 unaonekana mtu wa ushuru. Lakini Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia ya hasara inayotokana na kasoro zake, na haki hiyo itadaiwa kwa karatasi gani? Ile beringi yangu, kama ingekuwa feki kweli, nisingekuwa na ushahidi hata mmoja zaidi ya sauti yangu kubwa.

Za mitumba kutoka Japani, zile zinazouzwa zikiwa bado kwenye miguu ya gari lililokatwa? Kwa mlango, taa, hata injini, nitakusikiliza. Beringi siinunui. Ili kuitoa ni lazima uisukume au uivute kupitia gololi zake, kwa hiyo hata kama ilifika Mombasa nzima, inakufa inapong'olewa. Ukinunua mguu mzima bila kuing'oa, sawa, ila hujui ilishatembea kiasi gani.

Na sisi wenye magari tusijifiche nyuma ya fundi. Wahandisi Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren walichapisha mwaka 1947 hesabu ambayo bado inatumika viwandani: umri wa beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Mzigo ukiwa maradufu, umri unabaki sehemu 1 kati ya 8. Sasa leta hesabu hiyo kwenye stendi ya Awendo. Probox ina uzito wa takriban tani 1, nayo iliundwa kwa watu 5. Weka watu 10, wawili kiti cha dereva, watatu kwenye buti na mizigo yao. Uzito wote umepanda kwa karibu robo. Robo inasikika ndogo. Kwa beringi maana yake ni kwamba umri umekatika karibu nusu, kabla hujayapanda matuta kwa kasi wala kuvuka maji ya mvua yaliyofika katikati ya rimu. Mwenye Probox anayebeba kumi kila siku kisha analalamika kwamba beringi za siku hizi hazidumu, ameshafanya hesabu ila hajasoma jibu.

Halafu kuna haraka yetu. Fundi wangu nilimuuliza baadaye, bila ugomvi, kwa nini hakuenda kwa presi. Akanieleza. Presi anayoiamini iko Kisii. Angelifungua gari asubuhi, apande Probox na ule mguu wa chuma kwenye gunia, asubiri foleni, alipe huduma, arudi, afunge jioni. Nauli na presi vingezidi malipo yake ya siku. "Na wewe, mkubwa, uliniambia unalitaka saa saba," akaongeza. Kweli nilimwambia. Nilikuwa pia nimemshusha kutoka 1,000 hadi 600.

Basi nimebadilisha msimamo wangu kuhusu nani wa kulaumiwa, na pia kuhusu dawa. Tukiwaambia polisi na maafisa wa bidhaa ghushi wavamie maduka, watavamia, watapiga picha, na kesho beringi halali zitaendelea kupigwa nyundo. Kinachokosekana ni kifaa. Presi ya mafuta ya tani 20 ni fremu ya chuma na jeki. Mafundi wa kuchomelea wa hapahapa Awendo, wanaounda trela za miwa zinazobeba tani kadhaa, wanaweza kuiunda fremu hiyo. Hata kabla ya presi kuna boliti ndefu yenye sahani za duara, ambayo hukazwa kwa spana na kuivuta beringi ndani wima, pete ya nje peke yake. Inaingia kwenye mfuko wa shati la kazi. Wenye Probox kumi wakichanga, kila mmoja akatoa chini ya bei ya beringi moja, wataipata boliti hiyo.

Kaunti nayo ina lake, na si hisani. Jedwali la Nne la Katiba limeweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Chuo kikiwa na presi na spana ya kupimia, Jumamosi mlango ufunguliwe kwa mafundi wa jua kali walipe kidogo kila kazi, na mwalimu awepo. Fundi wangu ana miaka 11 kazini na hana karatasi yoyote. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hufanya mitihani ya daraja kwa watu kama yeye, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Siku moja ya kuonyeshwa pete ipi isukumwe ingemfaa kuliko semina tatu za ujasiriamali zenye chai na mandazi, ambazo, nakiri, nami nimezihudhuria.

Beringi ya pili niliinunua kwa mzee yuleyule wa miwani, kwa bei ileile, jina lilelile kwenye boksi. Nililipa nauli ya fundi hadi Kisii na kurudi, nikalipa presi, nikamlipa 1,000 yake, nikaliacha gari siku nzima. Hiyo sasa inaingia mwaka wa tatu na bado iko kimya.

Wewe unayesoma hili huku gari lako likikuvumia sikioni, ukifika kwa fundi usianze na bei. Muulize kwanza ataiingiza kwa nini. Akikuonyesha nyundo, mpe nauli.